Bogenvilia: Ua la pwani lenye soko, lakini lina masharti yake

Na Mwandishi Wetu

MTU akipita kando ya barabara kubwa za Dar es Salaam, Mombasa au mjini Unguja, hakosi kuona vitalu vya miche vimejipanga pembeni, viriba vyeusi safu kwa safu, na katikati yake rangi ya zambarau, nyekundu, chungwa na nyeupe. Rangi hizo kwa sehemu kubwa ni za bogenvilia. Ndilo ua ambalo mwenye nyumba ya ufukweni huulizia kwanza, na ndilo ambalo muuza miche huanza nalo akiwa na mtaji mdogo.

Biashara ya maua katika pwani yetu si jambo geni. Kabla ya hoteli za kitalii kujengwa, asumini, kilua, mlangilangi na mrehani vilikuwa vikipandwa uani na kuuzwa sokoni kwa ajili ya vikuba na harusi. Kilichobadilika ni mteja. Mteja wa leo hanunui ua la kuvaa jioni moja, bali hununua kichaka kizima cha kupamba ukuta, kuziba uchi wa ua na kupendezesha mandhari ya nyumba ya wageni mwaka mzima.

Hata hivyo, wiki hii ukurasa huu umeona vema kulizungumzia soko hili kwa sababu moja: fedha nyingi hupotea kati ya kitalu na bahari. Mche unauzwa ukiwa umechanua, unapandwa hatua chache kutoka ufukweni, na baada ya wiki tatu umebaki kijiti. Mnunuzi humlaumu muuzaji, muuzaji naye humlaumu mtunza bustani. Mara nyingi wote wawili hawakuelezana mambo ya msingi ambayo makala haya yanayaeleza.

UA LENYEWE NI LIPI?

Asili ya bogenvilia ni Amerika ya Kusini. Jina lake linatokana na baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, aliyeizunguka dunia kwa merikebu kati ya mwaka 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea katika safari hiyo, Philibert Commerson, ndiye aliyeuchukua mmea huo karibu na Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1767, akisaidiwa na Jeanne Baret, mwanamke aliyesafiri amevaa kiume kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa melini. Commerson alibaki kisiwani Mauritius, katika Bahari hii hii ya Hindi, na huko ndiko alikofia mwaka 1773.

Sehemu yenye rangi ambayo wengi huiita ua si ua hasa, bali ni majani yaliyobadilika umbo na rangi. Ua lenyewe ni kijimrija chembamba cheupe kilicho katikati, na kwa kawaida huwa vitatu. Jambo hili lina maana kibiashara. Majani hayo ya rangi ni makavu kama karatasi, hayanyauki upesi kama petali za waridi, na hukaa mtini kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana hoteli huupenda mmea huu: mgeni wa leo na mgeni wa wiki ijayo wataikuta rangi ile ile.

Katika hali ya hewa ya pwani yetu, bogenvilia haipukutishi majani yote kwa pamoja isipokuwa ikibanwa sana na ukame. Hukaa kijani mwaka mzima. Ina miiba migumu, kwa hiyo huwa pambo na uzio kwa wakati mmoja. Ikishashika mizizi huvumilia jua kali na kiu, na huvumilia upepo wa chumvi kwa kiasi. Maneno hayo ya mwisho, "kwa kiasi", ndiyo yanayosahauliwa.

SOKO LINATEGEMEA NINI

Wanunuzi wakubwa wa miche ya mapambo pwani ni wa aina tatu. Wa kwanza ni watu binafsi wanaojenga. Wa pili ni ofisi, shule na taasisi. Wa tatu ni hoteli na nyumba za wageni, na hawa ndio wanaonunua kwa wingi kwa mara moja.

Kundi hili la tatu lina utamu na uchungu wake. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 500,000 mwaka 2019. Mwaka uliofuata, wa 2020, ugonjwa wa Uviko ulipofunga safari za dunia, idadi hiyo ilianguka hadi karibu nusu. Kisha ikapanda tena, na mwaka 2023 ilizidi 600,000. Muuza miche aliyetegemea hoteli peke yake alipata somo gumu mwaka 2020, kwani mche hausubiri kama mfuko wa saruji. Mizizi hutoboa kiriba, matawi hufungamana na ya jirani, na kila siku unataka maji hata kama mteja hayupo.

Kwa sababu hiyo, mkulima wa kitalu anashauriwa asiliweke soko lake lote katika kapu moja. Kama ana miche 300, basi sehemu iwe midogo ya bei nafuu kwa wenye nyumba, sehemu iwe mikubwa katika vyungu kwa wanaotaka kupamba mara moja, na sehemu tu iwe ya oda za hoteli.

KALENDA YA MTEJA NA KALENDA YA MVUA

Hapa ndipo penye tatizo kubwa kuliko yote. Hoteli za ufukweni hupata wageni wengi kati ya Julai na Oktoba, na tena kuanzia Desemba hadi Februari. Meneja hukumbuka bustani yake mwishoni mwa Novemba, anapoona ukuta uko mtupu na wageni wa Krismasi wanakaribia. Hapo hupiga simu akitaka miche 100 yenye maua, ipandwe wiki hiyo hiyo.

Lakini Desemba ndiyo mlango wa kaskazi. Mvua za vuli zinaisha, jua linakuwa kali, na Januari na Februari ni miezi ya joto na ukavu. Upepo unatoka baharini moja kwa moja hadi kwenye kuta zinazoelekea kaskazini na mashariki, umebeba chembe za chumvi. Mche uliotoka kivulini unapandwa wakati huo ukiwa hauna mizizi ya kuufikisha kwenye unyevu wa chini. Majani yake huungua kingo, yakawa ya kahawia, kisha yakadondoka.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa masika, yaani kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Aprili. Mvua humwagilia bila gharama na huosha chumvi iliyo juu ya udongo na juu ya majani. Kwa bahati njema, Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo hoteli nyingi za ufukweni huwa na wageni wachache, na baadhi hufunga ili kufanya matengenezo. Mafundi wanapaka rangi, mabomba yanatengenezwa, na nafasi ya kuchimba mashimo ipo bila kumsumbua mgeni. Mche uliopandwa Aprili huwa umeshika vizuri masika yanapokwisha, na kipindi cha ukavu kinachofuata ndicho kinachoichochea bogenvilia kuchanua. Kwa maneno mengine, rangi inakuja Julai na Agosti, wakati ule ule mgeni anapokuja.

Kwa hiyo muuzaji mwenye busara hangoji simu ya Novemba. Huenda mwenyewe hotelini Oktoba au Novemba, akaeleza jambo hili, akachukua oda na malipo ya awali ya miche itakayopandwa Machi. Vipandikizi atakavyokata mwezi huo vitakuwa vimefikia kimo cha kuuzwa wakati wa masika.

Mwandishi wa makala haya naye amelilipia somo hili. Niliwahi kununua miche 24 mwezi Januari kutoka kitalu kimoja chenye kivuli kizuri cha mwembe, nikaipanda nyuma ya ukuta mfupi unaotazama bahari. Mwisho wa Februari ilibaki mitano. Muuzaji alisema sikumwagilia, nami nikasema aliniuzia miche mibovu. Ukweli ni kwamba miche ilikuwa mizima na maji nilitia kila siku. Miche haikuwa imezoeshwa jua, nami niliipanda mwezi usiofaa, mahali pasipofaa. Mitano iliyobaki ilikuwa ile iliyokingwa na pembe ya nyumba.

JINSI YA KUOTESHA

Bogenvilia haioteshwi kwa mbegu katika biashara ya kawaida. Huoteshwa kwa vipandikizi, yaani vipande vya tawi. Kazi yenyewe haihitaji mtambo wowote, ila inataka umakini.

Chagua mti mama ulio mzima, ambao umeuona ukichanua kwa macho yako. Kata matawi yaliyokomaa, si yale ya kijani laini ya nchani wala yale magumu sana ya shinani. Unene uwe kama wa penseli, na urefu sentimita 15 hadi 20, wenye vifundo visivyopungua vitatu. Ondoa majani ya chini, acha mawili au matatu ya juu, na kama ni makubwa yapunguze nusu. Ncha ya chini ikatwe mshazari chini kidogo ya kifundo, ili usichanganye juu na chini wakati wa kuchomeka.

Mchanganyiko wa kuoteshea uwe mwepesi, unaopitisha maji. Sehemu mbili za mchanga wa mtoni na sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri hutosha. Mchanga wa pwani usitumike. Kwanza una chumvi. Pili, una vipande vingi vya matumbawe na makombe, ambavyo ni chokaa, na bogenvilia haipendi chokaa. Tatu, kuchota mchanga ufukweni ni kuubomoa ufukwe wenyewe, jambo ambalo watu wa Kunduchi wameliona kwa macho kwa miaka mingi, bahari ikila ardhi.

Dawa ya kuchochea mizizi, inayouzwa kama unga katika maduka ya pembejeo, husaidia, hasa kwa aina zenye maua ya kukunjana na zile zenye majani ya mabaka meupe, ambazo ni ngumu kushika. Aina ya zambarau ya kawaida hushika kirahisi hata bila dawa. Weka vipandikizi kivulini, mwagilia unyevu usiokauka wala kutuama, na usivivute kila siku kuangalia kama vimeota. Katika joto la pwani, mizizi huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi nane.

Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika upesi. Hii ndiyo sababu kubwa ya miche kufa wakati wa kuhamishwa. Kwa hiyo ni vizuri kuotesha moja kwa moja katika kiriba badala ya kitaluni kisha kuhamisha. Siku ya kupanda shambani, kiriba kipasuliwe kwa wembe ubavuni na kitako kikatwe, bonge la udongo lishuke shimoni likiwa zima. Kuung'oa mche kwa kuvuta shina ni sawa na kuuua.

KUKOMAZA NI NUSU YA KAZI

Mche uliokua chini ya kivuli una majani laini na mapana. Huo ndio unaopendeza machoni mwa mnunuzi, na huo ndio unaokufa kwanza ufukweni. Kabla ya kuuza kwa mteja wa pwani, mche ukomazwe kwa muda wa wiki tatu hadi nne. Wiki ya kwanza upate jua la asubuhi tu. Wiki ya pili jua la nusu siku. Kisha ukae juani moja kwa moja na maji yapunguzwe kidogo kidogo. Majani yatakuwa madogo zaidi na magumu zaidi, na rangi yake itakoza. Mche kama huo hauvutii sana kitaluni, lakini mteja atarudi.

Muuzaji anaweza kutenga safu moja ya miche aliyoikomaza na kuieleza hivyo kwa mteja. Bei yake ikiwa juu kidogo ni halali, kwani amekaa nayo mwezi mzima zaidi.

HESABU INAYOWAPOTEZA WENGI

Wakulima wengi wa vitalu hugawa gharama kwa idadi ya vipandikizi walivyochomeka, badala ya kugawa kwa idadi ya miche waliyouza. Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za mfano tu wala si bei ya soko, na msomaji aweke za mtaani kwake.

Mkulima amechomeka vipandikizi 200. Viriba, mboji, mchanga, dawa, maji na vibarua vimemgharimu Sh 96,000. Akigawa kwa 200 anapata Sh 480, akajisemea kwamba akiuza kwa Sh 800 anapata faida nono.

Lakini vilivyoshika ni asilimia 60, yaani miche 120. Gharama ya mche mmoja imekwisha kuwa Sh 800. Hapo hajapata hata senti. Tena ameahidi kumrudishia mteja itakayokufa katika mwezi wa kwanza, na ikafa mmoja katika kila kumi. Maana yake ni miche 12, na inayobaki kulipiwa ni 108. Gharama ya kila mmoja sasa ni karibu Sh 890. Aliyeuza kwa Sh 800 amefanya kazi ya miezi mitano na kulipa juu yake.

Katika mfano huo huo, akiuza kwa Sh 1,500 atapokea Sh 162,000, na baada ya kutoa gharama atabaki na Sh 66,000. Akiongeza ushikaji kutoka asilimia 60 hadi 80, bila kuongeza bei hata shilingi, atakuwa na miche 160. Akitoa mmoja katika kila kumi kwa ajili ya fidia, atauza 144 na kupokea Sh 216,000. Kilichobaki ni Sh 120,000, karibu mara mbili ya mwanzo. Faida ya kitalu basi imo katika kuchagua matawi mazuri na kumwagilia kwa kipimo, kuliko katika kubishana bei na mteja.

Usafiri nao uhesabiwe peke yake. Miche inayovushwa kwa boti kwenda visiwani, au kusafirishwa nyuma ya gari la wazi, hupigwa na upepo na kukauka njiani. Ifunikwe kwa turubai, imwagiliwe kabla ya kuondoka, na ipandwe mapema iwezekanavyo.

MAHALI PA KUPANDA

Sasa tumgeukie mnunuzi. Swali la kwanza anapoingia kitaluni lisiwe rangi, bali liwe hili: mche huu utakaa umbali gani kutoka majini, na mbele yake pana nini?

Mstari wa kwanza, ule unaopigwa na upepo wa bahari bila kizuizi, si wa bogenvilia. Hapo paachiwe mimea ya ufukweni inayoota yenyewe, ambayo kazi yake ni kushika mchanga, pamoja na minazi na mivinje iliyopo. Mvinje umejithibitisha. Kuanzia mwaka 1971, Rene Haller aliyekuwa akifanya kazi na kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, alianza kupanda miti katika machimbo ya matumbawe yaliyobaki kama jangwa, penye maji ya chumvi chini yake. Katika aina nyingi zilizojaribiwa ni chache tu zilizostahimili, na mvinje ulikuwa mmojawapo. Leo mahali hapo ni hifadhi yenye msitu na wanyama.

Bogenvilia ikae mstari wa pili, nyuma ya mivinje, nyuma ya ukuta au upande wa nyumba usiotazama bahari moja kwa moja. Hapo hupata jua lote inalolihitaji, lisilopungua saa tano au sita kwa siku, bila kuoga chumvi kila alasiri. Mwenye kutaka kichaka cha kijani mbele kabisa, achague kile cha jamaa ya mtandamboo kinachotoka Afrika Kusini, chenye maua meupe yenye harufu na matunda mekundu. Hukua polepole lakini chumvi hakiijali.

Tanzania Bara, mwenye kiwanja akumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa bahari dhidi ya shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuudhuru. Kufyeka mimea ya ufukweni ili kupata mahali pa kupanda maua ni kujitafutia hasara mara mbili, ya sheria na ya mmomonyoko.

UDONGO WA MAWENI

Sehemu kubwa ya pwani, hasa mashariki ya Unguja, ni maweni. Udongo ni haba na chini yake ni jiwe la chokaa. Bogenvilia hupendelea udongo wenye uchachu kidogo. Ikipandwa juu ya chokaa tupu, majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi hudhani ni njaa ya mbolea ya chumvichumvi, wakaimwaga kwa wingi, na mmea ukazidi kudhoofu. Kinachokosekana ni madini ya chuma, ambayo udongo wa chokaa unayashika usiyaachie.

Dawa ni kuandaa shimo vizuri tangu mwanzo. Chimba kwa mtaimbo upana na kina cha sentimita 45 hadi 60. Toa vifusi vya matumbawe na masalia ya saruji ya mafundi. Jaza udongo mwekundu au mweusi kutoka ndani ya nchi uliochanganywa na samadi iliyooza. Juu weka matandazo ya majani makavu au makumbi ya nazi, kisha kila mwaka ongeza mboji. Njano ikiendelea, maduka ya pembejeo huuza madini ya chuma ya kunyunyizia majani.

Kwa ua wa mita 40, ukipanda kila baada ya mita moja na robo, utahitaji miche 33. Anayeuza miche 60 kwa ua wa urefu huo anamwibia mteja, na mteja anayepanda mita tatu tatu ili kubana matumizi atangoja miaka kabla ya ua kuzibana.

MAJI, MBOLEA NA MKASI

Mwezi wa kwanza mche usikose maji. Baada ya hapo, maji yapunguzwe. Bogenvilia inayomwagiliwa kila siku hutoa majani mengi mazuri na maua machache. Acha udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Vivyo hivyo kwa mbolea yenye naitrojeni nyingi: hujaza majani. Mbolea yenye potasiamu kwa kiasi ndiyo inayofaa.

Maji ya kisima yaangaliwe. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvichumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye kingo za chungu au juu ya udongo, ujue chumvi inajilimbikiza. Vuna maji ya mvua ya paa, na mara moja moja mwagilia kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Baada ya siku za upepo mkali, kuosha majani kwa maji matamu asubuhi husaidia sana.

Maua hutokea kwenye matawi machanga. Kwa hiyo mkasi ni rafiki. Pogoa baada ya mkupuo wa maua kwisha, si wakati vitumba vinaanza. Mtunza bustani avae glavu, kwani miiba yake huchoma na utomvu huwasha ngozi za baadhi ya watu. Katika aina zenye majani ya mabaka, tawi likirudi kuwa kijani kitupu likatwe mara moja, kwani huwa na nguvu kuliko mengine na litaumeza mti wote.

Wadudu si wengi. Vidukari na vidung'ata hukaa kwenye ncha laini, nao huondolewa kwa maji ya sabuni. Viwavi hula kingo za majani usiku, na mchana hujifananisha na vijiti.

TAHADHARI KUHUSU OLEANDA

Wauzaji wengine humpa mteja oleanda badala ya bogenvilia, wakisema inavumilia chumvi zaidi. Kuvumilia ni kweli, na haina miiba. Lakini oleanda ni sumu kuanzia jani, ua, tawi hadi mzizi, na sumu yake hushambulia moyo. Mbuzi au ng'ombe anayekula majani yake, hata makavu, anaweza kufa. Moshi wa vijiti vyake nao una madhara, na vijiti hivyo visitumike kuchomea mishikaki. Isipandwe shuleni, kwenye zahanati, wala mahali mifugo inapopita. Muuzaji asiyemweleza mteja jambo hili anauza hatari, hata kama bei yake ni nzuri.

MUUZAJI NA MNUNUZI WAANDIKIANE

Mwisho, ukurasa huu unapendekeza pande zote mbili ziache biashara ya mdomo. Karatasi moja inatosha. Iandikwe idadi ya miche, rangi, kimo, tarehe ya kufikisha, malipo ya awali, na siku ya kumaliza deni. Iandikwe pia nani anapanda na nani anamwagilia. Kama muuzaji ndiye anayepanda na kuonyesha mahali, abebe fidia ya itakayokufa katika mwezi wa kwanza. Kama mnunuzi amekataa ushauri wa mahali au wa mwezi, fidia isiwepo.

Kuhusu rangi, muuzaji mwaminifu huuza mche ulioonyesha ua angalau mara moja, au huwa na alama ya mti mama uliotolewa. Atakayemuuzia mtu nyeupe ikachanua zambarau hatapata mteja huyo tena, na katika miji yetu ya pwani habari hutembea upesi kuliko gari la miche.

Kwa mwenye kitalu anayesoma haya, kazi ya kwanza ni kuhesabu miche aliyonayo na kuitenga ile iliyokwishazoea jua. Kwa mwenye nyumba au meneja wa hoteli, kazi ni kusimama ufukweni saa tisa alasiri, upepo unapovuma, na kuona kwa macho ni wapi unapiga na wapi haupigi. Pale usipopiga ndipo pa kuchimba shimo, na masika ndiyo wakati wake.